Mawe Yaliyokunywa Bahari

Binti yangu Keji alikuwa amesimama katika maji ya mto Kochi, maji yakimfika magotini, sare ya shule ameikusanya kiunoni kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika amonaiti ya mwisho, mnyama wa bahari ya kale aliyegeuka jiwe. Ilikuwa ile kubwa, iliyojizungusha kama ngata ya kuwekea mtungi kichwani, niliyoichimbua mwenyewe kwa nyundo na patasi. Aliniona ukingoni. Hakukimbia. Alinitazama, kisha akaiachia.

Alikuwa na miaka kumi. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, 1977, na mdogo wake Enoch alikuwa na wiki tatu kaburini.

Nieleze habari za hayo mawe, maana watu wa Koboko, kaskazini mwa Uganda, wamesimulia mengi. Mwaka 1965 chuo cha ualimu kilitupeleka pwani ya Kenya kwa ziara ya sayansi. Wenzangu walinunua kanga. Mimi nilishinda siku mbili kwenye korongo nyuma ya Rabai, nikipasua matabaka ya udongo uliogeuka jiwe. Kila jiwe lilipofunguka, nilikuwa mtu wa kwanza kumwona mnyama yule tangu bahari ilipomfukia. Nilipata kumi na moja. Niliyafunga kwa magazeti, nikayasafirisha kwa treni hadi Pakwach, kisha kwa lori hadi Arua. Mama yangu, kule Aroi, alichungulia ndani ya debe la biskuti, akaniuliza, “Na wenzako wameleta nini?”

Niliyataka kwa ajili ya darasa. Nilitaka watoto washike kwa mikono yao kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuwadanganya juu yake.

Niliolewa Koboko, nikafundisha huko. Darasani nilizungusha debe, nikasema: palikuwa na bahari, bahari ikakauka, mawe haya yakabaki. Yote kweli. Lakini hawa walikuwa watoto wa mahali ambapo mvua ina mwenyewe, na mwenye mvua huiita kwa mawe anayoyatunza chunguni. Kwao jiwe na mvua ni habari moja. Walifika nyumbani wakasimulia walivyoelewa: mwalimu ana mawe yaliyokunywa bahari nzima.

Kwa miaka kadhaa watu walicheka tu. Mwaka 1977 mvua za mwezi wa nne hazikuja, na kicheko kikaisha.

Mwenye mvua wa upande wetu alikuwa baba mkwe wangu, mzee Soro. Kila asubuhi aliyaosha mawe yake, akayapaka mafuta ya simsim, na mbingu ikabaki nyeupe. Tumbaku ilikaukia kitaluni. Ulezi uliota haba kama nywele za mgonjwa, ukalala. Watu wakaanza kukumbushana jinsi wenye mvua walioshindwa walivyopigwa zamani, hata wengine kufa, na walikumbushana mahali ambapo Soro angewasikia. Mume wangu, askari, alikuwa kambini, mbali, na barua zake zilichukua miezi.

Kisha akaja Natale, mkulima wa tumbaku, na wanaume kama ishirini nyuma yake. Wao walikuwa Wakakwa na mimi Mlugbara, kwa hiyo tulisemeshana Kiswahili cha kambini na sokoni.

“Mwalimu, sisi hapana kuja kwa vita,” Natale alisema. “Mawe yako iko nakunywa mvua. Toa, tutupe mtoni, basi.”

“Mawe hayana mdomo, mzee Natale.”

“Sasa ile bahari ilienda wapi? Wewe mwenyewe ulisema kwa watoto.”

“Bahari iko na chumvi,” mtu akasema kutoka nyuma. “Mutu nakula chumvi ya namna hiyo, kiu yake hapana kwisha.”

Walicheka. Fimbo zilibaki mikononi.

“Kama si mawe, basi ni mzee,” Natale alisema. “Chagua wewe, mama Keji.”

Soro alikuwa kwenye kigoda chake. “Binti,” aliniambia, “hapana toa. Mimi nimekula miaka yangu.”

Ningeweza kuyatoa. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikuyatoa. Lakini nilikuwa mtu wa kutafuta njia, na njia niliiona palepale. Niliwaambia warudi kesho yake mchana. Nikaenda mtoni, nikaokota mawe kumi na moja ya mviringo, nikayafunga kwa magazeti, nikayashonea ndani ya gunia. Kesho yake nililitupa gunia hilo kwenye kina cha maji mbele ya watu wote, nikasema: ndiyo yale. Keji alikuwa kando yangu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha.

Wanawake waliniletea mayai. Soro alipewa mbuzi. Na mimi nilikuwa na furaha ambayo bado naionea aibu. Hakuna maabara ambayo ingeniandalia jaribio safi kama lile: mawe ya mtoni yamezama, yangu yako nyumbani, mvua imekuja. Sikuweza kumwambia mtu mzima yeyote, kwa ajili ya Soro. Nilimwambia Keji. Nilimpeleka ghalani, nikamfunulia debe.

“Unaona? Hayanywi kitu.”

Aliyahesabu kwa kidole. “Ile tulitupa ni nini?”

“Mawe tu.”

“Na ulisema mbele ya watu ni hii.”

“Nilisema hivyo ili babu yako asipigwe.”

Aliitikia kwa kichwa. Nilirudi jikoni nikijisifu kwamba binti yangu wa miaka kumi ameelewa sayansi.

Surua ilifika mwezi wa kumi. Enoch alikuwa na miaka miwili. Homa ilimpasua midomo, akawa anaomba maji usiku na mchana. Keji alimnywesha kwa kijiko, na kila alichokunywa hakikukaa. Zahanati haikuwa na dawa, magari hayakuwa na petroli. Siku ya nne nilipata lori la tumbaku linalokwenda Arua, penye hospitali. Alikata roho tulipofika Ombaci, mji uko karibu kabisa.

Keji hakulia msibani. Alikuwa anafikiri, na mimi sikuwa na nguvu za kumuuliza anafikiri nini.

Basi siku ile mtoni niliingia majini na viatu vyangu.

“Umefanya nini, Keji?”

“Ile ulisema umefanya.”

Hakuisema kwa ukaidi. Alinijulisha tu kwamba kazi imekwisha. Nilimshika mkono, nikamkalisha ukingoni, nikamweleza surua ni nini, jinsi inavyotoka pumzi hadi pumzi, kwa nini mtoto mwenye homa hukauka hata akinywa. Nilieleza vizuri. Ni kazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mama,” alisema, “hii ni ya kweli, ama ni ya kusema mbele ya watu?”

Mwaka 1979, tulipokimbia vita kwenda Kongo na mizigo kichwani, nilimwambia kwamba njia ya kupitia mashambani ni salama. Akaenda kumuuliza mtu mwingine.

Lakini mimi nilikwisha kujua kabla ya hapo. Wiki mbili baada ya siku ile ya mtoni darasa langu, Keji akiwemo, lilifanya mtihani wa kufunga mwaka. Swali la sita lilisema: eleza jinsi bahari ya kale ilivyoacha visukuku katika nchi kavu. Keji aliandika kwa mwandiko safi, mstari baada ya mstari: mnyama akafa, tope likamfunika, likawa jiwe, maji yakaondoka yenyewe, polepole, kwa miaka isiyohesabika. Kila neno lilikuwa langu, la kusema mbele ya watu. Nilisoma mara mbili, nikitafuta hata mstari mmoja ambamo yeye mwenyewe yumo.

Nikampa kumi kwa kumi, nikachukua karatasi ya mtoto mwingine.