Chupa ya Miaka Kumi na Minane

Jumamosi baada ya chakula cha mchana mzee Philbert alifuta vumbi kwenye kabati lake la bourbon, wiski ya Kimarekani. Alitumia kitambaa cha fulana kuukuu. Alichukua chupa moja moja, akakagua kizibo, akaigeuza ili lebo itazame mbele, kisha akairudisha ikiwa imesimama wima. Divai hulazwa, lakini bourbon ikilazwa hula kizibo chake, na siku ya kuifungua utakuta makapi yanaelea. Kabati lenyewe lilikuwa kwenye ukuta usiopigwa na jua, mkabala na dirisha kubwa lililotazama bondeni.

Mapenzi ya bourbon aliyapata zamani, alipokuwa msimamizi wa ghala katika kambi ya wakimbizi hapa Ngara. Mmarekani mmoja aliyefanya naye kazi alimmiminia kidogo kwenye kikombe cha bati, akamwambia kwamba kwao wiski hutengenezwa kwa mahindi na kulazwa miaka ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani. Philbert alikuwa amegawa mahindi ya msaada mwaka mzima, gunia kwa gunia. Hakuwahi kufikiri kwamba mahindi yanaweza kunukia hivyo.

Alipostaafu alirudi Mabawe, akanunua shamba la mikaratusi kutoka kwa mtu aitwaye Alfonce, akajenga nyumba ya bati la kijani juu ya mteremko. Mpwa wake, Clever, alifanya kazi Kigali na kila akivuka mpaka kuja kusalimia alileta chupa. Walianza na tatu: moja laini yenye ngano ndani yake, moja kali inayowasha koo kama tangawizi, na moja ya kawaida ya kunywa bila kuionea huruma. Mkewe Philbert, Verediana, muuguzi mstaafu, alisema mwanzoni kwamba zote zinanuka spiriti ya kusafishia vidonda. Baada ya miezi michache yeye ndiye aliyekuwa na pua nzuri zaidi. Mumewe akisema asali, yeye alisema hapana, ni ndizi mbivu iliyosahaulika jikoni, na mumewe akinusa tena aliikuta hiyo ndizi.

Ni Verediana pia aliyeliona jambo la dirisha.

"Mnara wa simu haupo," alisema siku moja jioni, glasi mkononi.

Philbert alitazama kilima cha ng'ambo. Kweli haukuwepo. Alichukua chupa akasoma lebo. "Hii ina miaka tisa," alisema. "Mnara wamejenga juzi juzi tu."

"Basi ndiyo maana," alisema Verediana, akaongeza tone la maji kwenye glasi yake.

Glasi zilipokwisha mnara ulirudi. Walijaribu chupa nyingine, wakaelewa. Pombe iliyoingia kwenye pipa mwaka fulani ilikuja na mwaka huo, na ilimradi kuna mtu anainywa sebuleni, dirisha lilionyesha bonde lilivyokuwa wakati ule. Asiyekunywa naye aliona, mradi yuko chumbani. Philbert alipanga upya kabati kwa kufuata umri. Majirani walizoea kuja Jumamosi. Mmoja aliomba kuona barabara kabla ya lami. Mwingine alitaka kumwona ng'ombe wa mama yake, akamwona, akasema alikuwa amekonda kuliko alivyomkumbuka.

Kisha Clever akaleta chupa aliyoipata kwenye mnada wa vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akihama Kigali. Ilikuwa imezibwa kwa nta nyeusi. Ilikuwa imelala kwenye pipa miaka kumi na minane, na baada ya hapo ikakaa kwenye chupa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Shikamoo mjomba. Hii usimpe kila mtu," alisema Clever.

"Marahaba. Hii hata mimi sitajipa kila siku," alisema Philbert.

Waliifungua Jumapili baada ya misa. Alikuwepo Juvenali, mwenyekiti wa kitongoji, mtu aliyependa bourbon kidogo na mazungumzo mengi. Philbert alikata nta kwa kisu, akamimina, wakanusa bila haraka. Ilikuwa na harufu ya tumbaku, ya ngozi mpya ya kiti cha baiskeli, na chini kabisa sukari iliyoungua. Philbert alifumba macho. Alipoyafumbua, mikaratusi yake ilikuwa imetoweka. Mteremko wote ulikuwa kahawa, matunda mekundu yameinamisha matawi, na katikati ya mistari mwanamume mwenye shati la bluu alikuwa anachuma kwa mikono miwili.

"Huyo ni Bernardo," alisema Juvenali.

"Bernardo yupi?"

"Marehemu. Mdogo wake Alfonce aliyekuuzia wewe. Mumewe Domisiana." Juvenali alionja tena. "Hii kweli ni nzuri. Haichomi."

Habari hutembea. Domisiana alikuwa amehamia Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, kwa binti yake Anneth aliyeolewa huko. Alipata habari sokoni kutoka kwa mtu wa Ngara. Wiki hiyohiyo alipanda basi na kufikia kwa dada yake Avelina, karibu na kanisa. Jumapili alibisha hodi akiwa amevaa kitenge cha misa.

"Nimesikia mume wangu anaonekana hapa," alisema.

"Karibu, mama Anneth," alisema Verediana. "Kaa hapa, kiti hiki ndicho kinaona vizuri."

Domisiana hakunywa pombe tangu ujana wake. Aliletewa soda. Philbert alijimiminia kidogo, akanywa polepole, na kahawa ikatokea. Bernardo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mgomba akila kiazi cha kuchoma. Domisiana alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa ukuta.

"Hilo shati nilimshonea mimi," alisema. "Kola ilinishinda."

Bernardo alimaliza kiazi, akajifuta mikono kwenye nyasi, akarudi kazini. Glasi ilipokwisha mikaratusi ilisimama tena mbele ya dirisha. Domisiana alishukuru, akauliza kama Jumapili ijayo watakuwepo. Philbert alisema watakuwepo.

Ikawa desturi. Alibaki kwa Avelina, na kila Jumapili alikuja baada ya misa, akaketi kiti kilekile. Mwaka wa kwenye dirisha ulikwenda mbele kidogo kidogo, kwa kadiri ya glasi. Kahawa ilichumwa ikaisha, mvua zikaja, Bernardo akapalilia. Na Jumapili moja, Juvenali naye akiwepo, wazee waliokwisha kufa walionekana wakipanda mteremko na kamba. Kati yao alikuwepo baba mzazi wa Bernardo na Alfonce, mzee mrefu mwenye fimbo. Alfonce mwenyewe alishika ncha moja ya kamba na Bernardo ncha ya pili. Kamba ilivutwa kutoka kwenye jiwe la juu mpaka mtoni. Walipanda miti ya mpaka kwenye mstari wake. Kisha mzee akachukua jembe, akampa Bernardo mbele ya wote, na Alfonce akapiga makofi.

Hapo sebuleni kila mtu alielewa alichokiona. Bernardo alipokufa, Alfonce aliwaambia wazee kwamba baba yao hakuwahi kugawa shamba, kwamba ardhi ilikuwa bado ya ukoo, na kwamba mjane mwenye mtoto wa kike tu hana cha kukaa nacho. Wakati huo baba alikuwa amekufa na mashahidi wengi pia. Domisiana aliondolewa, kahawa ikang'olewa, mikaratusi ikapandwa.

"Aitwe Alfonce," alisema Domisiana.

Aliitwa, akaja Jumapili iliyofuata. Alikuwa mzee sasa, na alivua kofia alipoingia. Philbert alimmiminia na yeye, maana ni mgeni. Kwa bahati, siku ile wale ndugu wawili walikuwa dirishani pamoja, wakiimarisha miti ya mpaka kwa udongo.

"Ndiyo, mimi huyo," alisema Alfonce. "Nilikuwa mwembamba."

"Shemeji, unaona mnachofanya?" aliuliza Domisiana.

"Naona. Tunashindilia mpaka."

"Mpaka wa nani?"

"Wa Bernardo," alisema Alfonce. Alinusa glasi yake. "Mwenyekiti, hii inatengenezwa na nini?"

"Mahindi," alisema Juvenali.

"Aisee."

Domisiana alimgeukia Juvenali. "Mwenyekiti, umesikia kwa masikio yako. Umeona kwa macho yako."

Juvenali aliweka glasi mezani kwa heshima. "Mama Anneth, nimeona. Siwezi kusema sikuona. Lakini shauri lile lilikwisha zamani, na shahidi lazima aape. Dirisha haliwezi kuapishwa. Na Alfonce hapa ameongea akiwa anakunywa."

"Kweli, nilikuwa nakunywa," alisema Alfonce, akavaa kofia yake.

Wageni walipoondoka, Verediana alimfuata mumewe hadi uani.

"Mzee, mrudishie yule mama."

"Nilinunua kihalali. Nyumba nitaibeba kichwani?"

"Sijasema nyumba. Nimesema kipande cha chini."

"Kipande cha chini ndicho chenye miti iliyokomaa," alisema Philbert. "Na kwani simsaidii? Kuna mtu gani Ngara nzima angefungua chupa kama ile kila Jumapili kwa ajili ya mama wa watu? Nikiimaliza sitapata nyingine."

Alisema kweli. Alikuwa anaipenda ile chupa, na kila Jumapili aliitoa. Alijiona mtu mwema, na majirani nao walimwona hivyo.

Chupa ilishuka. Ilipobaki kama upana wa kidole, Philbert aliirudishia kizibo na kuzungushia nta ya mshumaa. Alieleza kwamba mkusanyaji makini haimalizi chupa adimu, huacha kidogo cha kumbukumbu. Jumapili ile Domisiana aliketi mbele ya mikaratusi mpaka soda yake ikaisha gesi, akaondoka. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile.

Jumapili ya tatu Philbert alikwenda msibani. Verediana alibandua nta kwa kucha, akamimina yote, akaketi karibu na mgeni wake. Alikunywa kwa kulamba tu, kama anayeonja dawa ya mtoto. Bernardo alikuwa amesimama karibu kabisa na dirisha, akikata matawi makavu. Waliona kovu la kidole gumba chake. Domisiana alimwita mara moja, kwa Kihangaza, kwa jina ambalo Verediana hakulijua. Bernardo hakusikia. Alikata tawi, akalitupa, akahamia mti mwingine, kisha mwingine, akishuka. Verediana aliacha tone la mwisho likae kwenye ulimi kadiri alivyoweza. Lilipokwenda, Bernardo alikuwa amefika kwenye miti ya mpaka na ameanza kurudi juu.

"Asante, dada," alisema Domisiana.

Philbert aliporudi aliona chupa tupu. Hakugomba. Aliifuta, akairudisha mahali pake, kwa sababu chupa tupu ya namna ile nayo ni sehemu ya mkusanyo. Jioni alimpigia simu Clever.

Clever alihangaika, akapata nyingine: kiwanda kilekile, miaka kumi na minane ileile, nta nyeusi ileile. Philbert alifurahi sana. Alimtumia Domisiana ujumbe kupitia Avelina kwamba chupa imepatikana. Ila hii ilikuwa imetoka kiwandani miaka mingi baada ya ile ya kwanza, hivyo iliingia kwenye pipa baadaye, na Bernardo hakuwemo.

Jumapili Domisiana aliketi kwenye kiti chake. Philbert alikata nta, akamimina. Mteremko ulikuwa umejaa mashimo, na miti ya kahawa imelazwa, mizizi juu. Vijana walioajiriwa walikuwa wakiendelea kung'oa. Mwanamke kijana alikuwa akishuka njia ya mtoni na godoro kichwani, akimshika mkono mtoto wa kike aliyebeba sufuria. Hakugeuka nyuma. Alipita kwenye miti ya mpaka, akatoka.

Domisiana alitazama mpaka mwanamke yule akafichwa na migomba ya ng'ambo.

"Siku zote nilidhani nilikuwa nalia," alisema. "Kumbe nilikuwa nimenyamaza."

Philbert alizungusha pombe kwenye glasi, akanusa, akafikiri.

"Hii ni kavu zaidi kuliko ile," alimwambia mkewe. "Lakini nadhani tutaizoea."

Verediana alikwenda kumletea mgeni soda ya pili, na Domisiana akaipokea kwa mikono miwili, macho yake bado dirishani, ambako vijana walikuwa wameanza kupanda mikaratusi.