Maji Yaliyozimuliwa

Miezi minane Wening, mwanafunzi wa utafiti, alikuwa maabarani akitengeneza utando wake wa kuchuja maji. Mashine ya umeme ilivuta kutoka ncha ya sindano nyuzi nyembamba kupita unywele, zilizobeba chembe za titani, na chembe hizo zikipigwa na jua huila rangi ikaisha majini. Kwenye ripoti aliandika kwamba utando unasafisha maji taka ya batiki. Hakuandika kwamba aliyazimua kwanza, kikombe kimoja kwa ishirini vya maji ya bomba.

Siku ya kuuonyesha pale Pekalongan, mji wa batiki huko Indonesia, walikusanyika kwenye karakana ya Bu Kasiyem, mama mtia rangi aliyekuwa akimpa maji hayo tangu mwanzo. Pampu ikasukuma maji yenyewe, mazito, kutoka kwenye pipa. Robo saa haikufika, nta ya kuchorea batiki ikauziba utando. Kilichodondoka upande wa pili kilikuwa buluu vilevile.

"Huu umeshiba mapema!" mfanyakazi mmoja akatania. Watu wakaangua kicheko.

Profesa Hartadi, msimamizi wake Wening, akamgeukia mwenye karakana. "Bu, leo mmetia nini humu?"

Bu Kasiyem akafuta mikono kwenye kanga yake ya kazi. "Labda ni mimi, Pak. Asubuhi nilimwaga humo maji ya kuchemshia nta. Nisamehe, Nduk, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Maji ya nta yalimwagwa humo kila siku, na Wening alijua. Akafumbua kinywa, akasikia sauti yake ikisema, "Si neno, Bu."

Wakati wa kuondoka Bu Kasiyem akamfungia wali wa megono, wenye fenesi changa. Njiani Wening hakuufungua.

Siku ya tatu alirudi peke yake.

"Bu, maji yako hayakuwa na kosa. Mimi nilikuwa nayazimua."

Bu Kasiyem aliendelea kukamua kitambaa. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukaniacha niombe radhi mbele za watu."

 Uso ulimwaka Wening hadi masikioni.

"Profesa anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie hapahapa, nisikie."

Wening akapiga simu mbele yake. Profesa akasema ripoti iondolewe siku hiyohiyo, na kwamba yeye mwenyewe atamwomba radhi Bu Kasiyem.

Wening akaomba maji mengine, safari hii yasiyozimuliwa. Zamani Bu Kasiyem angemjazia dumu na kumbebea hadi langoni. Sasa alimwonyesha pipa kwa kidevu.

"Chota mwenyewe."