Sauti ya Kwanza Haimo

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na manyunyu mepesi, yale yanayolowesha bila kusikika. Mashuka ya hospitali tuliyokuwa tumeanika nje ya chumba cha kufulia yalikuwa yanazidi kuloa. Niliyaanua huku nikimshukuru Mungu kwa mvua, na kumwomba aisogeze kidogo upande wa pili wa ukuta. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulisema kwamba wimbo wangu sasa unapatikana mtandaoni.

"Vipi, umefiwa?" mwenzangu wa kupiga pasi akauliza, maana nilikuwa nimesimama nimekumbatia shuka bichi.

"Wimbo umetoka."

"Umetoka kwenda wapi?"

"Kote. Dunia nzima."

"Basi ukimkuta mume wangu huko umwambie arudi nyumbani."

Nikacheka, lakini moyo haukuwapo pale. Dunia nzima sikuwa na haja nayo. Nilikuwa namtaka mtu mmoja tu.

Dada yangu ndiye aliyenifundisha kuimba. Yeye ni wa kwanza, mimi wa pili, kwa kuzaliwa na kwa sauti. Kwenye kwaya alibeba sauti ya kwanza, ile ambayo watu huondoka nayo midomoni wakirudi nyumbani. Mimi nilipita chini yake, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwenzake apande. Hata nyumbani hawakuniita jina langu, waliniita Wapili.

Kisha akamzika kitindamimba wake. Siku ya mazishi, kwaya ilipojipanga kumwimbia, aliinua mkono. "Acheni," akasema. "Mimi na nyimbo tumemalizana." Baadaye akahamia kwa binti yake, katika mji ulio ng'ambo ya mipaka miwili, na simu zangu akaacha kupokea. Mpwa wangu alinieleza kwa upole: "Mama mdogo, si kwamba amekukasirikia. Akikusikia unasema haloo tu, analia siku nzima. Usimtumie chochote, tafadhali." Halafu, kama anayenipa kitu cha kufutia machozi, akaongeza: "Siku hizi anawasha muziki kwenye simu akipika. Wimbo wowote unaokuja, anauacha ucheze."

Niliomba juu ya maneno hayo wiki nzima. Simu ikiita, ni mimi ninayegonga mlango. Lakini wimbo ukiwa huko nje, pamoja na nyimbo zote za watu, ataukuta mwenyewe, na akitaka ataupita.

Ndivyo nilivyojiandikisha darasa la jioni la kompyuta, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi. Mlinzi mstaafu tunayemwita Afande hukaa upande wangu wa kulia. Siku ya kwanza aliniona nimefumba macho kabla ya kugusa kipanya.

"Mama Sala, hicho hakina pepo."

"Najua. Ninayo mimi."

Wimbo niliutunga mwenyewe, nikiwa nakunja mashuka. Nikaupeleka kwa kijana anayerekodi muziki chumbani kwake, kuta zote zimefunikwa magodoro. Watu humwita Waya. Nikaimba sehemu yangu toka mwanzo hadi mwisho. Akavua vifaa vya masikioni.

"Safi sana, mama. Sasa imba wimbo wenyewe."

"Nimeshaimba."

"Hapana, hiyo ni ya chini. Ya juu iko wapi?"

"Ya juu si yangu."

Akaucheza tena, akakuna kichwa. "Mama, wimbo huu hauna kichwa. Umeniletea mabega matupu. Kuna binti hapa jirani ana sauti kama asali, nimwite?"

"Asali yake abaki nayo. Nafasi hiyo ina mwenyewe."

Alidhani natania. Sikuwa natania, wala sikujua kuimba kwa namna nyingine. Tangu utotoni, mimi husikia sauti ya dada kwanza, ndipo yangu hufuata. Hata kwenye magodoro yale nilimsikia, nikamfuata.

Mwalimu wetu, binti mpole anayeweza kuwa mwanangu, alinisaidia kujiunga na kampuni inayosambaza nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Jina la mwimbaji? Nikaandika Wapili. Picha ya kava? Nikaweka viti viwili vya jikoni kwangu. Darasa zima likasimama nyuma yangu nilipobonyeza, na Afande, aliyekuwa akinitania, ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya asubuhi ile ya mvua, kila jioni darasani nilifungua kwanza ukurasa unaoonyesha wasikilizaji wangu wako katika miji gani. Mji wa dada haukuwemo. Walikuwemo watu wa hapa, wachache, na maneno yao hayakuwa matamu. "Huyu mama anaimba kando ya wimbo." "Nani kaiba sauti nyingine?" Nikasoma, nikawaombea.

Kisha mwanamke mmoja nisiyemjua akajirekodi akiimba juu yangu, akitunga sauti ya kwanza kadiri alivyoisikia. Akaiweka hadharani. Mwingine akafuata, kisha kijana wa kiume, kisha mume na mke wakiwa wamempakata mtoto. Ukawa mchezo: kila mtu anajaza pengo la Wapili. Waya akanipigia akihema.

"Mama, umewatega! Ujanja huu umeutoa wapi? Mimi nakesha hapa natafuta njia, wewe umeacha shimo tu na watu wanatumbukia wenyewe!"

Nilisikiliza kila mmoja wao. Walikuwa na sauti nzuri, Mungu awabariki, na wengine walinitoa machozi. Lakini kila ilipoanza sauti mpya nilishika pumzi, na ilipofika mstari wa pili niliiachia. Si yeye.

Jioni moja mji wake ukatokea. Msikilizaji mmoja. Nikaweka kidole kwenye kioo, kana kwamba ningeweza kumgusa. Darasa likanizunguka.

"Anaweza kuwa mtu mwingine, mama," mwalimu akasema taratibu. "Ule ni mji mkubwa."

"Anaweza."

"Na anaweza kuwa ndiye," Afande akasema. "Mwalimu, wewe tufundishe kompyuta. Mambo ya dada tuachie sisi wazee."

Jioni iliyofuata alikuwepo, mmoja vilevile. Na iliyofuata. Nikaanza kwenda darasani mapema kabla mlango haujafunguliwa, nikisubiri kibarazani kama mtu anayengoja wageni. Nilijiambia nisitamani mno. Nilitamani mno.

Sauti yake ilikuja tukiwa katikati ya somo la kuchapa barua. Ulikuwa ujumbe wa kusikiliza, kutoka kwenye simu ya mpwa wangu. Niliiweka simu juu ya dawati, nikaongeza sauti. Tukasikia sufuria ikigonga. Tukasikia kikohozi. Kisha yeye, bila salamu:

"Wapili. Umeuweka juu mno. Nimejaribu jikoni, nimejaribu bafuni, sifiki. Sauti yangu imeshuka siku hizi. Ushushe."

Basi. Afande alivua kofia. Mwalimu alikuwa akijifuta macho kwa mkono ulioshika chaki, akajipaka usoni, na hakuna aliyemcheka.

Nilimpigia Waya hapohapo, wote wakisikia.

"Kushusha ni lazima uimbe upya," akasema. "Hilo dogo. Lakini huu wa sasa usiuguse, mama! Ukiuondoa, wasikilizaji wote na zile video zote zinabaki bila wimbo. Ndio kwanza watu wanakujua. Uache, tuweke mwingine pembeni."

"Inawezekana," mwalimu akaninong'oneza. "Nyimbo mbili, hakuna anayezuia."

Nikafumba macho. Hawakuniharakisha, wameshanizoea. Niliwaona wale wote walioimba mahali pake, na sina ubaya nao.

"Mtu akirudi nyumbani," nikasema, "akute kitanda chake kimejaa wageni?"

Waya akavuta pumzi ndefu. "Unaanza na sifuri, mama."

"Sifuri tuliizoea zamani," Afande akamjibu. "Kata simu, mwanangu, Mama Sala ana kazi."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe. Walisimama wote, sijui nani aliwaambia, kama tunavyosimama kanisani.

"Dada," nikasema, kisha nikaanza upya. "Dada, niko darasani, na hawa wote wanasikia, wawe mashahidi. Naahidi mbele yao na mbele za Mungu: kesho nauondoa ule wimbo. Nitaushusha hadi pale ulipo, hata kama mimi nitabaki naburura sauti sakafuni. Na safari hii sitatangulia. Anza wewe, kokote utakakoanzia, nami nitakufuata."