Salamu za Bi Mauza Zilivyofika Kantabari

Mume wangu Melkiori alikwenda London akarudi bila kuiona, na wa kulaumiwa ni mama mwenye nyumba wetu. Watu wa Kariakoo hawakuchoka kuniuliza, "Mama Euphrasia, hebu tuambie, huko Ulaya mzee wako aliona nini?" Nami nikawajibu kweli tupu, kwamba aliona mlango mmoja.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa kutawazwa Malkia. Chama cha wakulima wa kahawa cha kwetu Kilimanjaro kiliteua watu wa kwenda kuangalia kahawa yetu inavyouzwa London. Kwa kuwa Melkiori alikuwa na duka Mtaa wa Mchikichi, anajua biashara, na Kiingereza cha misheni kilimkaa vizuri, naye wakamtia kundini. Kazi ikiisha wangetembezwa mjini na miji ya kale ya jirani. Nilimwambia afungue macho yote mawili, maana mimi nilikuwa nabaki na watoto na magunia ya maharage, na faida yangu pekee katika safari ile ilikuwa masimulizi.

Hapo ndipo Bi Mauza alipoingilia kati.

Bi Mauza binti Salem ndiye aliyetupangisha, mwanamke wa Kiarabu, mkubwa wa mwili na wa sauti, na katika kila arusi ya mtaa kiti cha mbele kilikuwa chake. Alikuwa msimulizi hodari, na habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Dora. Huyo Dora alikuwa nesi wa Kizungu aliyefanya kazi Dar es Salaam zamani, kabla ya vita, kisha akarudi kwao Uingereza, mji wa Kantabari. Kwa maelezo ya Bi Mauza walikuwa chanda na pete. Walikula sinia moja, walisukana nywele, walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulisikia habari za Dora mpaka tukawa tunamwota.

Asiyeziamini alikuwa wifi yake, Bi Zeina, mjane wa marehemu Hamud kaka yake Bi Mauza. Alikaa nyumba ya kuelekeana na yetu. Alikuwa mwembamba na mkimya, na maneno yake machache yalikata. "Wifi, shoga yako wa Ulaya hajambo?" angeuliza, mbele za watu. "Miaka yote hii hata salamu hakuletei, au amesahau njia?"

Siku moja kwenye arusi Magomeni Bi Mauza alichemka. Akawatangazia wanawake wote kwamba Melkiori anakwenda huko huko Uingereza, atampelekea Dora salamu, na salamu zitarudi na jibu. "Na zisiporudi," akasema, "kiti hiki nakuachia, wifi, na jina la Dora sitalitia kinywani tena."

Bi Zeina alimaliza kahawa yake taratibu. "Tutasikia," akasema.

Kesho yake Melkiori akaitwa barazani. Kwetu salamu si maneno ya kupita tu. Ni amana, ukishapewa umebeba, na aliyekupa atataka kujua zilifika, zilipokewaje, na mwenyewe alisema nini. "Mwanangu, usiniaibishe," Bi Mauza akamwambia, na alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mume wangu ana huruma, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Akakubali.

Huko London walipewa kijana mmoja wa Kizungu wa kuwatembeza. Aliwapandisha chombo kwenye mto Temzi, na Melkiori anachokumbuka ni kwamba maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kwamba pantoni ya Magogoni inapakia watu wengi zaidi. Wakapelekwa kwenye ngome ya kale ya wafalme, ile walimokatwa vichwa wakubwa. Wenzake waliangalia taji na vito, yeye aliangalia kunguru. Kunguru wanafugwa pale, wanalishwa nyama, na wana mtu wao wa kuwatunza. Alinisimulia habari hiyo kwa uchungu, maana wa Kariakoo walikuwa wamemnyang'anya maini mkononi zaidi ya mara moja.

Kwenye jumba la Malkia alimwona askari mlangoni, koti jekundu na kofia ya manyoya, akamwamkia kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Askari hakuitikia. Akadhani hakusikia, akaamkia tena kwa sauti. Kimya. Sasa mtu aliyelelewa hawezi kuondoka salamu yake imening'inia hewani, basi akasimama kungoja itikio, wenzake wakaenda zao. Kijana mwenyeji alipomrudia alimkuta amemkazia askari macho, na kwa maelezo ya Melkiori mwenyewe, askari alikuwa karibu kulegea.

Jambo lile lilimtia hofu. Kama ndivyo watu wa huku wanavyozipokea salamu, za Bi Mauza zitakuwaje? Tangu hapo hakuona kitu tena. Windsa, kwenye ngome kubwa iliyo juu ya kilima, aliuliza kama katika jumba lote lile hakuna hata chumba kimoja wanachopangisha, kisha akauliza Kantabari ni lini.

Kantabari ilikuwa siku ya mwisho. Ni mji mkongwe wenye ukuta, vichochoro, nyumba zilizoinamiana, na kanisa kubwa ambalo ndani yake aliuawa askofu, Mtakatifu Thomas. Mimi Mkatoliki ningetoa mkufu wangu nipige magoti pale. Melkiori alipiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akatokea mlango wa pembeni. Wenzake aliwaacha wanatazama vioo vya rangi.

Jina la ukoo la Dora Bi Mauza hakulijua, na nyumba ndiyo kabisa. Lakini mtu wa Kariakoo akimtafuta mtu haendi polisi, anakwenda sokoni. Melkiori alikuta wauza mboga wamepanga meza zao barabarani. Akamwuliza mama wa vitunguu kama anamfahamu nesi mzee aliyewahi kukaa Afrika. Hakumfahamu. Akamwuliza wa viazi, akamwuliza wa samaki, wote wakatikisa kichwa. Tumaini likamwishia. Akaamua anunue matufaa walau asirudi mikono mitupu, na kwa mazoea tu akaomba apunguziwe.

Mwuzaji akacheka, akamwambia jirani yake, "Na huyu naye. Kama yule bibi wetu."

Kumbe kule bei ikitajwa imetajwa, mtu hulipa akaenda zake. Mji mzima ulikuwa na mteja mmoja tu wa kubishana, bibi kizee mmoja. Ukimtajia bei hushika kifua, huondoka, hugeuka, hurudi, na akishakubali kununua bado hudai nyongeza. Melkiori aliposikia habari ya nyongeza akajua amefika.

Wakamwelekeza. Akasimama mlangoni akapiga hodi kwa mdomo, kama nyumbani. Sauti ya kikongwe ikaitika kutoka ndani, "Karibu."

Dora alimkalisha jikoni akamchemshia chai, anakitafuta Kiswahili chake neno moja moja na kulifurahia kila analolipata. Melkiori akasafisha koo. "Bi Mauza binti Salem wa Kariakoo, shoga yako, anakusalimu sana."

Dora akafikiri. "Mauza," akasema. "Yule mwari? Wifi yake Zeina?"

"Huyo huyo."

"Lakini huyo sikuwahi kusema naye. Alikuwa anafichwa ndani, hatoki. Nilimjua jicho moja tu, nyuma ya pazia. Shoga yangu alikuwa Zeina."

Akamweleza yote. Zeina alikuwa bibi arusi mbichi, Dora akamzalisha mtoto wa kwanza, wakapendana. Wao ndio waliokula sinia moja uani, wao ndio waliosukana na kucheka. Mpaka Bwana Hamud akachoshwa na maneno ya watu, akamwapisha mkewe asimwone wala asimtaje tena Mzungu yule. Dora alikuja tena akakuta mlango umefungwa, na Zeina akamwambia kwa ndani aende zake asirudi.

"Nisalimie wote," Dora akamwambia Melkiori. "Mauza mshukuru kwa kunikumbuka. Na Zeina mwambie sikukasirika."

Melkiori aliponipa habari hizi, nyuma ya duka letu, nilikaa juu ya gunia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa ajili ya lile kanisa, nikasahau. Nilimwelewa Bi Mauza, msichana aliyefungiwa ndani, anaangalia kicheko cha wenzake kwa jicho moja, mwishowe akakichukua kikawa chake. Nikamwelewa na Bi Zeina, aliyeshika kiapo hata baada ya mume kufa. Mtu anavaa kanga yako mbele yako, nawe huna ruhusa ya kusema ni yako. Utafanya nini zaidi ya kumuuliza kwa kejeli ameinunua duka gani?

Nikampa mume wangu shauri. Mbele ya watu aseme salamu zilifika na Dora anawasalimu wote, jambo ambalo ni kweli, na Bi Mauza abaki na kiti chake. Ile ya Bi Zeina ampelekee mwenyewe, faraghani. Nilijiona mwerevu sana.

Ijumaa alasiri ua wa Bi Mauza ulijaa wanawake. Kulikuwa na halua, kahawa na udi, na mwenyewe ameketi kwenye kiti, amejipamba kama siku ya Idi. Bi Zeina alikuwa mkekani. Melkiori akasimama katikati, mwanamume peke yake, anatoka jasho.

"Zilifika?" Bi Mauza akauliza.

"Zilifika, mama. Mwenyewe mzima. Anawasalimu nyote, na wewe anakushukuru kwa kumkumbuka."

Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakachungulia. Bi Mauza akajaa kiti kizima. "Haya, wifi," akasema, "umesikia."

Bi Zeina alikuwa amemwinulia Melkiori macho, na uso wake haukuwa na kejeli hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "alipokumiminia chai, alimimina kwa mkono gani?"

Melkiori akanitazama. "Wa kushoto, mama. Kila kitu alifanya kwa kushoto."

"Nilimsema sana kwa mkono ule. Anautia kwenye sinia, naupiga kofi, tunacheka, anautia tena. Basi hakuacha."

"Hakuacha, mama."

Hakukuwa na mwanamke pale ambaye hakuelewa, na wa kwanza kuelewa alikuwa Bi Mauza. Nilimwogopa, nakiri. Mdomo alikuwa nao, kiti alikuwa nacho, na ushahidi wa mume wangu ulikuwa upande wake. Akainuka kwa uzito wake wote, akavuka mkeka, akakaa chini kando ya wifi yake.

"Kuna neno umelificha, Melkiori," akasema. "Si langu. Mpe mwenyewe."

"Amesema hakukasirika," Melkiori akasema.

Bi Zeina akalia, na wala hakujifunika uso. Sisi wengine tukatazama vikombe vyetu. Bi Mauza akaushika mkono wake akauweka mapajani mwake.

"Siku ile nilikuwa dirishani," akamwambia. "Ulipomwambia aende zake, hakwenda. Alikaa barazani kwetu mpaka adhana ya magharibi, mkoba wake miguuni. Nilitaka kukuambia bado yupo, nikamwogopa kaka."

Bi Zeina akageuka akamtazama. "Alikaa?"

"Alikaa."

"Basi nisimulie, wifi," Bi Zeina akasema. "Nisimulie habari za Dora."