Rashi ya Mgongo wa Stanslaus

Kwa miaka tisa Stanslaus alikuwa akivuta mawe ya dhahabu kutoka kwenye duara, shimo la machimbo lenye kina cha mita sitini, kwa winchi ya mkono, bila kutoa hata mguno. Kilichomwangusha ni chafya. Alikuwa ameinama kumbeba binti yake Nelly, wa miaka miwili, akapiga chafya, kiuno kikagoma papo hapo na moto ukamshuka mguuni hadi kidole gumba.

Hospitalini Shinyanga picha ilionyesha diski ya kiunoni imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Stanslaus alishaanza kuwaaga ndugu kwa simu, akijua ni kisu tu. Martina, mtaalamu wa viungo, alimtuliza: wengi hupona bila kupasuliwa, ila mguu ukilegea au mkojo ukimpotea arudi mbio. Akampa masharti ya miezi mitatu. Kila baada ya saa mbili alale kifudifudi mahali pagumu, ainue kifua kwa mikono mara kumi. Atembee asubuhi na jioni. Asiiname, na asibebe kitu, hata mtoto.

Hilo la mtoto ndilo lililomkata maini. Nelly alikuwa akimkimbilia mikono juu, na sasa mama yake, Mbuke, alilazimika kumdaka njiani. Baada ya wiki mbili mtoto akaacha kunyoosha mikono. Siku aliyoligundua hilo, Stanslaus aligeukia ukutani akalia, ilhali maumivu ya mguu hayakuwahi kumliza.

Sasa, machimboni Mwakitolyo si mahali pa kulala kifudifudi ovyo. Mchimbaji mwenye akili zake huenda kwa mganga, hupewa masharti ya kupata dhahabu, na akiulizwa hukana. Kwa hiyo Enock, mchimbaji mwenzake, alipomkuta nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe, akiinua kifua na kurudisha shavu ardhini, mara kumi kamili, kisha akaambiwa ni mazoezi ya mgongo, alicheka kwa heshima. Alisubiri mwenzake aondoke, akachimba pale pale. Akapata punje ya dhahabu. Kule ukikwaruza popote kwa ari hukosi kapunje, lakini nani atamweleza hivyo mtu ambaye punje anayo mkononi?

Kufikia Ijumaa rashi, ile mbio ya watu kuvamia dhahabu mpya, ilikuwa imepamba moto. Kila alipolala Stanslaus, palichimbwa. Alipokwenda matembezi, watu mia na sululu zao walimfuata, na nyuma yao mama lishe wawili na muuza vocha. Ilimbidi kila siku aende mbali zaidi kutafuta ardhi isiyo na shimo, na kadiri alivyotembea ndivyo yale maumivu yalivyozidi kupanda kutoka kwenye kidole, yakaacha ugoko, yakaacha paja.

Masharti yake yakawa ya kambi nzima. Ndala ilipomtoka mguuni, wanaume wanne waligongana vichwa kuiokota kabla hajainama. Mwigulu, mwenye duara, ambaye hakuwahi kumwambia mfanyakazi pole, alimshikia kikombe cha chai hadi akakimaliza. Saa ya kulala kifudifudi ikifika waligonga rimu ya gari, asije akasahau.

Siku ya arobaini, akijiona ana nafuu, Stanslaus alimwinamia Nelly kwa siri nyuma ya choo. Hakumfikia. Watu walichomoka sijui wapi, mtoto akanyakuliwa akapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa mama yake. Enock alimsihi asiwaharibie. Stanslaus alitukana siku hiyo, mtu wa kanisani, akawatukana hadi sauti ikakauka. Na kusema kweli walimwokoa, maana siku arobaini zilikuwa mapema mno, ila mpaka leo hajawashukuru.

Miezi mitatu ilipotimia, Martina alimpima, akamwambia mshipa umepata nafasi: aanze kubeba taratibu, kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Aliporudi alikuta umati mlangoni kwake, sululu mabegani. Aliwaambia amepona. Wakacheka kwa heshima.

Basi akachuchumaa mbele yao, mgongo umenyooka, akafungua mikono. Nelly alisimama mlangoni kando ya Mbuke na hakusogea. Aliwatazama kwanza wale wanaume, mmoja mmoja, akisubiri kuona nani atakuja kumnyakua.

"Baba Nelly, fikiria," Enock alisema. "Ukimbeba huyo mtoto, dhahabu yote inakimbia."

"Iache ikimbie," Stanslaus alisema. "Njoo, mama."

Mtoto alikuja hatua moja moja, akiwa bado anawaangalia. Stanslaus alimkumbatia, akakaza magoti, akainuka naye. Kiuno kilinyamaza. Nyuma yake sululu zilitupwa chini, mtu akasonya, mwingine akaangua kilio kama wa msibani. Nelly alikuwa ameongezeka uzito wa miezi mitatu, na baba yake aliusikia wote mikononi.