Kifungo cha Chini

Seremala alikuwa na mikono ya kubeba milango, si ya kutunga uzi kwenye sindano. Lakini wiki ile ya harusi yake, heshima yake yote iliishia kwenye kijitundu cha sindano.

Chanzo kilikuwa dada yake mkubwa, fundi cherehani. Tangu Seremala akiwa mwembamba kama msumari, wa kaptura zenye viraka, dada alishaapa: "Msumari, siku ukimpata kichaa wa kukukubali, suti nashona mimi."

Kichaa akapatikana. Ila miaka miwili kabla, ugonjwa ulikuwa umeshampigia dada hodi: kwanza mabaka ya magamba viwikoni, kisha vidole vikavimba kama soseji. Daktari wa viungo akautaja kwa jina refu, baridi yabisi ya soriasis. Hauambukizi, alisema, na dawa za kuutuliza zipo, ila hauna haraka ya kuondoka.

"Kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja," dada akajibu. Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Dada akajipanga upya. Asubuhi mikono inakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kazi ni saa nne mpaka saa saba, vidole vikishafunguka. Vikigoma, mkasi unalazwa na hakuna anayeombwa radhi. Seremala akauvika mkasi huo vishikio vinene vya mbao, alivyovipiga msasa mpaka vikawa laini kama sabuni. Suti ikakatwa, ikaungwa, ikapigwa pasi. Kufikia Jumanne yalibaki matundu matatu ya vifungo vya koti, na dada hakuwahi kushona tundu kwa mashine. Kwake tundu ni la mkono.

Jumanne hiyo vidole vikagoma. Seremala alimwona ameishika sindano kama kaa la moto, roho ikamuuma. Dada alipokwenda kujilaza, yeye akalitia koti kwapani, mbio kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kabla dada hajaamka, koti lilikuwa kwenye hanga, matundu matatu tayari.

Jumatano asubuhi dada alipitisha kidole gumba juu ya tundu la kwanza, basi.

"Nani kashika koti langu?"

"Koti gani?"

"Msumari, usinifanye mjinga. Mishono ya jirani naijua, inayumba kama inatoka kilabuni."

"Dada, ulikuwa unaumia..."

"Niliumia, ndiyo. Nilikuomba msaada?"

"Hapana."

"Basi siku nyingine uliza. Mimi naumwa, sijastaafu."

Akafumua. Yote matatu. Nyuzi zikadondoka sakafuni, na harusi ilikuwa Jumamosi. Seremala akavuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Haya, nauliza. Nikusaidie nini?"

"Nitungie uzi. Hapo ndipo ninapokwama. Sindano ikishatungwa, naenda nayo."

Sindano ya kwanza ilimtoa jasho ambalo hata kabati la milango mitatu halijawahi kumtoa.

"Huo uzi umeulamba mpaka umeshiba," dada akamcheka. "Na bado uko nje!"

Alhamisi na Ijumaa, kabla ya kwenda karakanani, Seremala aliacha sindano kumi na mbili zimechomekwa kwenye kimto, kila moja na mkia wake. Tangu Jumatano hiyo, dada akashona tundu moja kwa siku. La chini liliangukia Ijumaa, siku ambayo vidole vilikuwa vibaya kuliko zote. Alipokata uzi, Seremala akiwa amesharudi, dada akaliinua koti dirishani.

"Limepinda."

"Halijapinda."

"Limepinda, Msumari. Lakini ni langu."

Jumamosi, mpiga picha alishusha kamera kwa mara ya tatu.

"Bwana harusi, kifungo cha chini hakifungwi. Ndiyo mtindo wa suti."

"Cha juu nifungue? Cha katikati? Sema tu. Hiki hakifunguliwi."

"Mwache," dada akasema kutoka kiti cha mbele, mikono yake iliyovimba imetulia juu ya gauni alilojishonea mwenyewe. "Huyo tangu utotoni hajui kuvaa."

Seremala akatanua kifua mpaka koti likalia. Tundu lililopinda likashika.