Mama, Unatuzibia Televisheni

Kila Jumapili jua likianza kushuka, Mutindi alifuta meza za hoteli yake pale sokoni Mitaboni, akafunika mandazi yaliyobaki, kisha akaunganisha televisheni na betri ya gari. Saa kumi na mbili ikifika hapakuwa na pa kukaa. Waliochelewa walisimama dirishani, na aliyetaka kuingia sharti anunue chai.

Kipindi kilichowaleta kiliitwa Mjane Harudi Bure. Kilikuwa cha miaka ya themanini, na sasa, katika mwaka wa elfu mbili na tatu, kilikuwa kikirudiwa kwa sababu watazamaji walilalamika kwamba michezo ya siku hizi haina ladha. Sabina, mjane, ananyang'anywa shamba na shemeji yake, anakufa kwa uchungu, halafu mzimu wake unarudi kulidai. Unakuja na moshi, umevaa shuka jeupe, na sauti yake inarudi mara tatu kama ya mtu anayesemea kisimani. Mitaboni nzima ilikuwa imekwisha kukiona kipindi hicho zamani na ilijua mwisho wake. Ililia hata hivyo, tena ililia mapema, kabla hata ya kufika penye kilio.

Aliyewashinda wote kwa machozi ni Laban, mzee wa kanisa, mwenye maksai wanne na leso iliyopigwa pasi.

"Huyo shemeji ni mnyama," alisema kila wiki. "Mtu anaweza aje kunyang'anya mjane? Kwani hana Mungu?"

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mutanu, aliyegawa chai hapo hotelini, alimwekea kikombe. Laban alikuwa baba yake mdogo. Mwezi wa nane alikuwa ameng'oa mstari wa mikonge uliokuwa mpaka wa shamba la marehemu kaka yake, akaupanda upya ndani kabisa, karibu na mlango wa jikoni kwa Mutanu. Kisha akalima kote, akapitisha jembe juu ya kaburi la mamake Mutanu. Nyani haoni kundule.

Mama huyo aliitwa Kalekye, na alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Jumapili iliyofuata kulimwa kwa kaburi, aliingia hotelini kwa mlango, akasalimia watu, akaomba nafasi kwenye benchi. Alivaa rinda la bluu alilozikwa nalo, lenye udongo mabegani. Mutindi alimwuliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Alitaka ya maziwa.

"Nimekuja kuona chifu," alisema.

Chifu mwenyewe, yaani naibu chifu Ndunda, alikuwa ameketi benchi ya mbele. Tangu kipindi kianze kurudiwa watu walikuwa wameacha kuhudhuria baraza zake, naye kwa busara zake akaihamishia baraza hotelini, saa ileile ya kipindi, ili akidi ipatikane. Akidi ilipatikana. Kesi ndizo hazikupata kusikizwa.

Kalekye alisimama mbele ya watu, kama inavyotakiwa barazani. "Mpaka wangu unatoka kwa yale mawe ya chini mpaka barabarani," alisema. "Hiyo mikonge tulipanda na bwana yangu, na Laban ndiye alikuwa anatushikia kamba. Mtoto wangu apatiwe shamba yake apande, mvua isimpate bado hajapanda."

"Mama, unatuzibia televisheni," mtu alisema kutoka nyuma.

Ilikuwa kweli. Wafu hawapitishi mwanga, na Kalekye alikuwa mpana wa mabega. Nyuma yake Sabina alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye moshi. Kalekye aliomba radhi, akasogea ukutani.

Kipindi kilipokatika kwa matangazo, watu walitoa maoni. Kila mtu Mitaboni alikuwa na maoni kuhusu mizimu.

"Huyu hana hata moshi," alisema mmoja.

"Ameingia na mlango kama mtu wa kuuza mayai."

"Sabina akisema neno shamba, nywele zinasimama," alisema Kavutha, mwenye duka la unga. "Huyu anaongea ni kama anaulizia bei ya mbaazi. Ukweli ni wake, sikatai. Lakini hagusi moyo."

Hakuna aliyesema Kalekye anadanganya. Hata Laban hakusema. Alimpa shemeji yake mkono, akamwuliza habari za huko, akamwambia ametunza sana sura yake. Ndunda naye aliahidi kuisikiliza kesi kipindi kikiisha. Kipindi kilipoisha, alisema kwamba machozi yamemchosha na kichwa chake hakibebi shamba la pili siku moja.

Lakini mvua haikungoja kichwa cha Ndunda. Huko kwao watu hupanda kabla mvua haijashuka, mbegu inangoja ardhini. Shamba likishapandwa, ni la aliyepanda, kwani hakuna mzee atakayekubali mahindi yang'olewe. Mutanu alikuwa na mbegu zake ndani ya kibuyu nyuma ya mlango, mahindi na kunde. Kama asingepanda kabla ya Novemba, asingekuwa na shamba tena, na mamake asingekuwa na pa kurudi kulala.

Jumapili iliyofuata picha ilikataa. Televisheni ilijaa chenga, na Sabina akasikika bila kuonekana. Zaki, fundi wa redio aliyekuja kutoka Machakos mjini kwa ajili ya kipindi, alitoka akazungusha mlingoti wa eriali pande zote. Wapi. Ndipo Kalekye, aliyekuwa amesimama nje kupunga upepo, akauegemea mlingoti, na picha ikatulia. Iliwaka safi hata ikaonekana saa kwenye mkono wa mzimu Sabina. Saa hiyo haikumpunguzia mtu machozi.

"Ni yeye," Zaki alieleza. "Mwili wake hauna joto, basi mawimbi hayapati bughudha. Shika hapo juu kidogo, mama. Hapo hapo."

"Na kesi yangu?" aliuliza Kalekye.

"Wewe shika vizuri," Ndunda alisema kupitia dirisha. "Kikiisha, nakusikiliza wa kwanza. Subira huvuta heri."

Basi akashika. Akashika Jumapili hiyo na zilizofuata, mikono yote miwili juu, mgongo kwa dirisha, mahali ambapo haoni televisheni wala hasikiki ndani. Maoni ya watazamaji juu yake yalibadilika sana. Walisema huyu sasa ndiye mzimu wa maana. Kavutha alipendekeza apelekewe chai, na Mutindi akakubali, mradi asiachie mlingoti. Watu hao wangeweza kumwona Mungu mwenyewe akipita sokoni wakamwomba ashike waya.

Mutanu aliwavumilia hadi akachoka. Jumapili moja aliinama kumimina chai ya Ndunda na hakuinuka mpaka aseme.

"Chifu, mnalilia Sabina. Mama yangu si huyo hapo nje? Si hata nyinyi mlimzika?"

"Sabina ni mchezo, mtoto wangu," Ndunda alisema kwa upole. "Mchezo mtu analia tu anaenda nyumbani. Hii yako ni mambo ya jamaa. Mambo ya jamaa inataka polepole."

"Polepole ni mzuri," Laban alisema, akaomba sukari.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba ilikuwa pia siku ya mwisho wa kipindi. Laban alifika na udongo mwekundu kwenye viatu. Alikuwa amemaliza kupanda Jumamosi, mahindi yote, mpaka mlangoni pa jikoni. Aliwaomba radhi waliokuwa karibu naye kwa ule udongo.

Sehemu ya mwisho ilianza, na mvua nayo ikaanza, matone makubwa juu ya mabati. Mutindi aliongeza sauti. Mutanu aliweka birika chini, akachukua gunia tupu, akatoka. Alimfunika mamake kichwa na mabega, udongo wa rinda ukawa unachuruzika hadi miguuni. Kalekye hakugeuka, maana alikuwa ameambiwa asigeuke.

Ndani watu walipiga makofi na vigelegele.

"Amepata shamba yake?" aliuliza Kalekye.

Mutanu alichungulia dirishani. Mzimu Sabina alikuwa amesimama katikati ya mahindi, mikono juu, na shemeji yake amepiga magoti mbele yake.

"Amepata, mwaitu," alimwambia mamake.

"Yote?"

"Yote."

"Ni sawa," Kalekye alisema. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka viwikoni.

Dirisha lilifunguliwa na Laban akatoa kichwa, uso umelowa machozi, leso mkononi. Alikuwa akilia kama mtu aliyefiwa.

"Mwambie asisogee," alimwambia Mutanu. "Majina ya waigizaji hayajaisha."